Kumpokeza mraibu bila kumpoteza njiani: mwongozo kwa kata na mialo ya Mwanza

Ukihesabu watu wanaokutana na waraibu wa dawa za kulevya katika kata moja ya Ilemela au Nyamagana, hutakosa kumi: mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, ofisa ustawi wa jamii, muuguzi wa zahanati, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, polisi kata, sungusungu, shehe, mchungaji, mama anayeuza chai karibu na maskani. Juu yao kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Hospitali ya Sekou Toure, na Bugando kwa magonjwa ya akili yaliyokomaa. Kazi inaharibikia katikati. Zahanati inaandika karatasi, hakuna anayejua kama mtu alifika. Polisi wanamwachia Ijumaa jioni, kliniki haina habari. Ndugu wanamfungia ndani siku tano, anatoka, anarudi kijiweni, na kete ileile ya heroini aliyozoea inamuua. Mwongozo huu unahusu hayo makabidhiano.

Anzeni kwa kuifuata njia

Msiitishe kikao kwanza. Tafuteni watumiaji wawili au watatu waliokubali kwa hiari, kupitia mwelimishaji rika anayejulikana maskani, mtembee nao tangu kijiweni hadi dozi ya kwanza. Katika kila mlango andikeni mambo matano: nani alimpokea, aliulizwa nini, alisubiri muda gani, alitoa pesa gani, na aliambiwa arudi lini. Fanyeni hivyo siku ya kazi ya kawaida, bila kumwarifu mganga mkuu, maana mkiarifu mtapokewa kama wageni.

Mtakachokikuta mara nyingi ni vitu vidogo. Barua ya mtendaji inayohitaji mhuri, na mtendaji yuko semina. Kitambulisho kilichopotea. Kliniki inataka mtu aje na ndugu au msindikizaji, naye alifukuzwa nyumbani miaka mitatu iliyopita. Vikao vya maandalizi vimepangwa saa mbili asubuhi, saa ambayo mwenye arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, hawezi kukaa kwenye benchi. Na nauli. Kwa kawaida methadoni humezwa kila siku mbele ya mhudumu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa hiyo anayetoka Igoma au Buhongwa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi siku saba kwa wiki, kwa miezi mingi. Nauli hiyo isipopangwa mapema, mengine yote mliyopanga ni bure.

Kwa kila kikwazo andikeni jina la mtu mmoja anayeweza kukiondoa. Orodha hiyo ndiyo itakayowaambia nani akae mezani.

Anatumia nini?

Kosa linalorudiwa sana ni kumpeleka kila mtu kwenye methadoni. Methadoni ni kwa waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Anayevuta bangi tu au anayekula mirungi hatapewa, na akipewa atadhurika. Huyo anahitaji ushauri nasaha na, kama anasikia sauti au anaona visivyoonekana, mtaalamu wa afya ya akili. Ila kuweni makini: wengi wanaosema "navuta bangi tu" wanavuta kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga (heroini). Muulizeni akikosa siku moja hujisikiaje. Mwenye heroini ataeleza arosto bila kusita: maji puani na machoni, miayo, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, viungo kuuma, kukosa usingizi. Dalili huanza ndani ya saa 24 tangu alipotumia mara ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na nyingi hupungua ndani ya wiki moja hivi.

Pombe ndiyo inayowadanganya watu. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka akiikata ghafla anaweza kupata degedege ndani ya saa 6 hadi 48, na kati ya siku ya pili na ya nne akachanganyikiwa, akatetemeka, akapanda joto na kufa. Arosto ya heroini inatesa kuliko inavyoua. Ya pombe inaua kweli. Kwa hiyo mwenye historia ya degedege au ya kunywa tangu asubuhi asifungiwe nyumbani, wala asipelekwe kwenye maombi ya kukesha bila kupita hospitali. Waelezeni viongozi wa dini na waganga wa jadi jambo hili kabla ya lolote lingine, kwa sababu wao ndio familia huwaendea kwanza.

Watoto wa mitaani wanaonusa gundi au petroli huko Makoroboi na kwenye stendi wana njia yao: ofisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo haina malipo. Msiwaweke kwenye foleni moja na watu wazima.

Mezani

Kwenye kikundi cha rufaa watu wanane wanatosha, kumi na wawili ni mwisho. Wawili kati yao wawe waraibu walio kwenye nafuu, mmoja akiwa mwanamke, wenye sauti sawa na wengine katika maamuzi. Vikao vingi huwaita watu hawa watoe ushuhuda, wapigiwe makofi, kisha wakubwa wapange bila wao. Matokeo yake ni mipango inayodhani mraibu ana simu yenye chaji.

Suala la posho lisemwe siku ya kwanza. Kikao kilichozoeshwa posho ya mfadhili hufa mwezi ule mradi unapofungwa, na Mwanza tumeona vingi. Kaeni mara moja kwa mwezi, saa moja na nusu, kwenye ofisi ya kata; chai na nauli za wale wawili zitoke kwenye mfuko unaojulikana. Ajenda iwe ileile kila mara: nani alitumwa, nani hakufika, kwa nini, nani anamfuata wiki hii. Hotuba ya ufunguzi haina nafasi.

Tenganisheni mambo mawili tangu mwanzo. Habari za wauzaji zipelekwe kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya kupitia namba 119, kila mtu kwa nafasi yake, nje ya kikao. Kikundi cha rufaa kikianza kukusanya majina ya mapusha, ndani ya wiki mbili maskani yote itajua, na hakuna mtumiaji atakayekisogelea tena. Wako wanaoona huko ni kuwalea wahalifu. Wakumbusheni kwamba mtu aliye kwenye dozi kamili hanunui kete.

Karatasi ya rufaa

Tumieni karatasi ya vipande vitatu, nusu ukurasa kila kimoja. Cha kwanza kinabaki kwa aliyetuma, cha pili anakwenda nacho mhusika, cha tatu kinarudi kutoka kwa aliyempokea. Kipande cha tatu ndicho chenye thamani, na ndicho kinachopotea. Ili kisipotee, msitegemee karatasi itembee yenyewe: kubalianeni kwamba mpokezi akishamwona mtu anatuma ujumbe mfupi siku hiyohiyo, kwa mfano "KIR 07 amefika, arudi Alhamisi". Karatasi yenyewe ichukuliwe mwisho wa mwezi.

Hiyo KIR 07 ni namba ya siri: herufi za kata na namba ya daftari. Jina linabaki kwenye daftari moja lililofungiwa kabatini, ufunguo kwa mtu mmoja na naibu wake. Majina hayaingii kwenye kundi la WhatsApp, hata kundi hilo likiwa na watu watano. Hali ya VVU haiandikwi kabisa kwenye karatasi inayopita mikononi mwa mtendaji, polisi au ndugu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya majibu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu daftari lenu pia.

Kwenye karatasi wekeni: anatumia nini na mara ya mwisho lini, anavuta au anajidunga, dawa nyingine anazomeza, kama ana kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kama ni mjamzito, nani anaweza kumsindikiza, na anapatikana wapi jioni. "Wapi jioni" mara nyingi ni jina la mama lishe au la mlinzi wa gereji, na mtu huyo ni wa kuaminika kuliko namba ya simu, kwa kuwa simu ya mraibu huuzwa mapema.

Kila mlango uwe na mpokezi mwenye jina na naibu wake. "Nenda zahanati" ni kumtupa mtu. "Nenda zahanati, muulize sista fulani, chumba namba tatu, anajua unakuja" ni kumkabidhi. Kwa safari ya kwanza mwelimishaji rika aende naye.

Mialo na visiwa

Mialo (maegesho ya mitumbwi ya uvuvi) ya Kirumba na Igombe, na kambi za visiwani, ina kalenda yake, nayo ni ya mwezi. Wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani wakati wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikipevuka wanapumzika kwa wiki moja na ushei. Siku hizo ndipo pesa imegawanywa, watu wamejaa kambini, pombe na unga vinauzwa kwa wingi. Wapangaji wa ofisini huenda kutoa elimu Jumatano ya kwanza ya mwezi wa kalenda, wanawakuta akina mama wakianika dagaa na wavuvi wamelala fofofo. Nendeni mbalamwezi, saa kumi jioni, mkipitia uongozi wa mwalo na kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Kazi ya kupima, kujaza rufaa na kupanga msindikizaji ikamilike ndani ya siku hizo, la sivyo mtu anarudi majini na karatasi yake mfukoni inalowa.

Halafu mseme na tajiri wa mtumbwi. Mvuvi wa sangara au dagaa hawezi kumeza dozi Sekou Toure kila siku huku akilala Ukerewe. Meli ya Nansio inachukua saa kadhaa kwa safari moja tu. Yapo mambo mawili ya kumwomba tajiri: amwachie nafasi yake kwa miezi mitatu ya mwanzo, na ampe kazi ya nchi kavu upande wa mjini, kama kushona nyavu, kupakua mzigo au kulinda injini, kwa zamu inayoanza baada ya saa ya dozi. Wengi hukubali mkiwaeleza kwa lugha ya hasara: nahodha mwenye arosto katikati ya ziwa ni mtumbwi, injini na roho za watu. Pakikosekana ndugu wa kumpokea mjini, tafuteni nafasi kwenye nyumba ya upataji nafuu, lakini ulizeni kwanza kama nyumba hiyo inapokea watu walio kwenye methadoni. Zipo zinazomtaka mtu aache kila kitu kabla ya kuingia, na huyo atalazimika kukatisha tiba.

Wiki mbili za kwanza

Familia nyingi hukata tamaa hapa, na hapa ndipo mtaa unaweza kuokoa maisha kuliko hospitali. Dozi ya kwanza ya methadoni kwa kawaida haizidi miligramu 30, na huongezwa polepole hadi wengi kutulia kati ya 60 na 120. Kliniki haibanii. Methadoni hukaa mwilini muda mrefu na hujikusanya, hivyo dozi ileile ya Jumatatu huwa na nguvu zaidi ifikapo Ijumaa. Mtu ambaye bado anasikia arosto siku ya tatu, akaongezea kete au gongo au vidonge vya usingizi, anaweza kuacha kupumua usiku. Msindikizaji aambiwe maneno hayo waziwazi, na atembelewe siku ya pili, ya tano na ya kumi.

Akikosa siku tatu mfululizo, asirudi kudai dozi yake ya zamani. Mwili umeshasahau, na kliniki itampima upya, pengine ianze chini. Ndiyo maana kliniki inapaswa kumtumia mpokezi wa kata ujumbe siku ya pili ya kukosa. Siku ya saba ni kuchelewa.

Kliniki kwa kliniki

Huduma zilizo ndani ya uzio mmoja nazo hupishana. Mfano unaojirudia: mtu ametulia kwenye methadoni, anagundulika na kifua kikuu, anaanzishiwa dawa zenye rifampisini. Rifampisini huifanya methadoni iishe haraka mwilini, na ndani ya wiki moja au mbili arosto inarudi. Yeye anaona dawa za TB ndizo zinazomtesa, anaziacha, au anarudi kwenye unga. Mhudumu wa TB angepiga simu moja kabla ya kuanza, daktari wa methadoni angejiandaa kupandisha dozi, na angeishusha tena tiba ya TB ikiisha, kwa sababu dozi kubwa iliyoachwa bila rifampisini ni hatari. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, hufanya vilevile. Dolutegravir, nayo ya VVU, haina tatizo hilo na methadoni, ila ikitumiwa pamoja na rifampisini hutolewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja. Andikeni sheria fupi, ibandikwe CTC (kliniki ya tiba ya VVU), chumba cha TB na kliniki ya methadoni: hakuna dawa ya muda mrefu inayoanzishwa au kusimamishwa bila kumjulisha mwenzako siku hiyo.

Mjamzito aliye kwenye heroini asiambiwe aache ghafla. Kukata ghafla kunaweza kuharibu mimba. Aingizwe kwenye methadoni haraka, na wodi ya wazazi ijue mapema ili mtoto achunguzwe siku zake za kwanza, maana naye anaweza kuonyesha dalili za arosto, nazo hutibika. Wanawake hawaendi kliniki kwa urahisi. Wanaogopa kuonekana, wanaogopa kunyang'anywa watoto. Saa tofauti na mpokezi mwanamke huleta zaidi kuliko mabango.

Polisi na sungusungu

Kaeni na mkuu wa kituo, si na askari wa zamu pekee, mkubaliane mambo manne na kuyaandika: mwenye kadi ya kliniki asikamatwe akiwa njiani kwenda kumeza dozi kwa sababu tu ya kuonekana hapo; akikamatwa kwa kosa lolote, kituo kimjulishe mpokezi siku hiyohiyo ili dozi ipangwe; mwenye degedege au aliyezimia apelekwe hospitali kabla ya maelezo kuchukuliwa; na eneo la kliniki lisitumike kuvizia watu. Matumizi bado ni kosa kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, na polisi hawataacha kazi yao. Mnachotafuta ni utaratibu ambao hauvunji tiba.

Sungusungu wanajua nani analala wapi usiku kuliko ofisi yoyote. Wapeni namba ya mpokezi, na msisitize kwamba viboko havimo. Mtu aliyechapwa anahama kijiwe, na mtaanza kumtafuta upya.

Anayetoka gereza la Butimba ndiye wa kuwahiwa kuliko wote. Amekaa miezi bila unga, mwili hauwezi tena kiasi cha zamani, na wiki mbili za kwanza nje ni za hatari kubwa ya kufa kwa kuzidisha. Ombeni tarehe za kutoka kupitia ofisa ustawi wa jamii, kwa ridhaa ya mhusika, akutwe mlangoni.

Akizidiwa, na sindano zilizozagaa

Fundisheni mama lishe, bodaboda na vijana wa kijiwe dalili tatu za aliyezidisha dawa: haamki ukimtikisa na kumsugua kifuani, anapumua taratibu mno au anakoroma kwa kukwama, midomo imekuwa ya bluu au ya kijivu. Fungueni njia ya hewa kwa kuinua kidevu, mpeni pumzi ya mdomo moja kila sekunde tano, mtu mwingine atafute usafiri. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa. Ulizeni mapema ni kituo gani cha karibu chenye naloksoni (sindano ya kumwamsha aliyezidiwa na heroini), msije mkazunguka usiku. Na akiamka baada ya sindano hiyo asiruhusiwe kuondoka: naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja hivi, heroini au methadoni bado imo.

Siku za usafi wa mtaa, sindano zisiokotwe kwa mkono. Tumieni koleo, ziingie kwenye sanduku gumu la zahanati, zisifunikwe tena vifuniko. Aliyechomwa aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, awahi kituo cha afya mapema iwezekanavyo kabla ya saa 72 kupita ili apewe dawa za kinga ya VVU, ambazo humezwa kwa siku 28.

Hesabu

Hesabu nne zinatosha ubaoni: waliotumwa, waliofika, walioanza, walio bado kwenye tiba siku ya 90. Idadi ya waliohudhuria semina msiiandike, haisemi kitu. Pengo kati ya waliotumwa na waliofika likiwa kubwa, tatizo ni nauli au msindikizaji. Likiwa kati ya kufika na kuanza, rudini kwenye barua, mhuri na saa za vikao. Wakianza wakatoweka kabla ya siku 90, ulizeni kuhusu kazi na mahali pa kulala.

Watumishi huhamishwa. Muuguzi anakwenda Kwimba, mkuu wa kituo Geita, na ushirikiano unaondoka nao ikiwa ulikuwa kwenye vichwa vyao. Simu ya rufaa iwe na laini iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, kwa sababu laini ya alama za vidole vya mtu huondoka na mtu. Makubaliano ya polisi, orodha ya wapokezi na daftari vikabidhiwe kwa maandishi, na anayekuja atembezwe njia yote mara moja, tangu maskani hadi kliniki, kabla ya wiki yake ya kwanza kwisha.